Meza ya Mkurugenzi Ukutani kwa Fundi Gereji

(Haya ni mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Leo nataka tuzungumze juu ya meza. Wala sina maana ya ile meza ya mazungumzo ambayo wanasiasa wetu huambiwa kila siku waikalie. Nina maana ya meza hasa, ya mbao, yenye miguu minne na droo tatu, ambayo karani fulani aliiegemea viwiko kwa miaka 20 hadi akastaafu, na ambayo leo imepinduliwa miguu juu nyuma ya jengo la ofisi, mvua yake, jua lake.

Mtu akizunguka nyuma ya majengo mengi ya ofisi katika miji yetu ataziona. Meza za mninga na mvule. Makabati ya chuma ya kuwekea majalada, droo nne kwenda juu. Viti vya kuzunguka ambavyo havizunguki tena. Na yale mashubaka ya masijala, ule ubao mkubwa wenye vijumba vingi kama mzinga wa nyuki, kila kijumba na jina la idara yake. Katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa na mengine kufungwa, samani za namna hii zilitoka kwa malori. Kisha uamuzi wa Serikali kuhamia Dodoma, uliopitishwa mwaka 1973, ukaanza kutekelezwa kwa kasi mwaka 2016, na wizara zikafunga virago. Kompyuta nazo zimepunguza majalada ya karatasi. Ofisi inapohama au inaponunua samani mpya, zile za zamani hutolewa nje zikisubiri mnada, na mnada wenyewe huchukua muda mrefu kufika. Mchwa hausubiri mnada.

Sasa tuvuke barabara, ndugu msikilizaji, tuingie katika gereji ndogo. Sizungumzii yale makarakana makubwa yenye mitambo ya kuinulia magari. Nazungumzia gereji ya mtaani, chumba cha futi 10 kwa 20, au kibanda cha mabati, au kontena chakavu lililowekwa chini ya mwembe. Humo fundi na vijana wake wawili watatu wanafungua injini, wanabadilisha breki, wanapata riziki yao halali. Ukiingia, angalia unapokanyaga. Spana ziko chini. Jeki iko chini. Kopo la grisi liko chini. Nati za gari la leo zimechanganyika na nati za gari la juzi katika kisahani kimoja cha plastiki, nacho kiko chini pia. Kuta nne zinazunguka vurugu hiyo, na juu yake hakuna kitu ila kalenda.

Mtaniuliza, vurugu ya gereji inatuhusu nini sisi wasikilizaji? Inatuhusu sana. Mteja anafika saa kumi alasiri kama alivyoahidiwa. "Shikamoo mzee," fundi anamwambia, "gari lako limekwisha, imebaki nati moja tu." Nati ile inatafutwa nusu saa. Haionekani. Kijana anatumwa dukani kununua nyingine, na dukani hakuna ya namba ile. Basi inachukuliwa inayokaribiana nayo, inalazimishwa kwa nguvu, inakubali kwa shingo upande. Mteja anaondoka. Siku ya tatu kitu kinagonga chini ya gari, na mteja haendi tena kwa fundi yule. Anawaambia jirani zake, "Yule kijana ni mwizi, amenibadilishia vifaa." Kumbe hakuna aliyeiba. Nati yake iko palepale gerejini, chini ya gunia.

Fundi wetu anapoteza jina lake kwa namna hiyo, na fundi akishapoteza jina hata ujuzi wake haumsaidii. Wengi mitaani wanaitwa wezi kwa sababu hawana mahali pa kuweka vitu. Wizi upo, siukatai. Lakini mahali ambapo hakuna kitu chenye mahali pake, mwizi na msahaulifu hawatofautiani, na mteja hana njia ya kuwapambanua.

Hapa ndipo ninapotaka kuzikutanisha pande mbili za barabara. Yale mashubaka yanayooza nyuma ya ofisi yalitengenezwa kwa kazi hiihii. Masijala ya zamani, tuicheke tukipenda kwa vumbi lake na kwa karani wake aliyetembea polepole, ilijua jambo moja kubwa: kila jalada lina namba, kila namba ina mahali pake, na jalada likitoka huandikwa limekwenda kwa nani. Gereji inahitaji masijala. Tofauti ni kwamba badala ya barua kuna nati, na badala ya mkurugenzi kuna Corolla.

Tuanze na hesabu ya nafasi. Chumba cha futi 10 kina upana wa kama mita 3. Gari dogo la aina ya Corolla lina upana wa karibu mita 1.7. Ukiliingiza katikati, kila upande unabakiwa na sentimita 65 hivi. Ukisimamisha kabati la ofisi lenye kina cha sentimita 60, umeziba njia na mlango wa gari haufunguki. Lakini ubao wenye kina cha sentimita 20 ukiwa ukutani, juu ya kimo cha kiuno, unakuachia nafasi ya kupita na kuinama. Kwa hiyo shauri langu si kuyasomba makabati mazima na kuyapanga gerejini. Samani ya ofisi ifunguliwe vipande, na vipande vipande ukutani.

Kwanza, kuchagua. Si kila meza inafaa. Zile za miaka ya karibuni, ambazo ni maranda ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi na kuvishwa ngozi nyembamba ya plastiki, zikishanyeshewa huvimba kama mkate kwenye chai. Skrubu haishiki humo. Waachie wenyewe. Tafuta mbao hasa: mninga, mvule, mkongo, msaji. Chukua kisu chenye ncha ukichome upande wa chini, karibu na miguu. Kikizama bila taabu, mchwa umekwisha kula. Gonga kwa kifundo cha kidole: sauti kavu na nzito ni dalili njema, sauti ya debe tupu ni dalili mbaya. Kwa makabati ya chuma, tazama sakafu ya droo ya chini kabisa, maana kutu huanzia huko.

Pili, risiti. Hili nalisisitiza. Samani za ofisi za umma huandikwa namba za mali, kwa rangi au kwa kibati kilichogongomelewa. Fundi akikutwa na ubao wenye namba hiyo ukutani kwake bila karatasi, atapata shida ya kueleza. Nunua katika mnada uliotangazwa, au kwa mtu aliyenunua mnadani, na karatasi uitunze. Usinunue kwa mlinzi saa mbili usiku. Na ukikuta katika droo barua au majalada yenye majina ya watu, yarudishe yalikotoka. Habari za watu si karatasi ya kufungia maandazi.

Tatu, kufungua. Msiwaachie vijana nyundo. Meza za zamani ziliungwa kwa meno yaliyopishana na gundi, na ukizipiga ovyo zinapasuka kwa kufuata nyuzi za mbao. Ondoeni skrubu kwanza, kisha gongeni taratibu, mkiweka kipande cha ubao kati ya nyundo na samani. Tunzeni bawaba, vitasa na vishikio, kwa kuwa vingi vya zamani ni vya shaba na vina maisha mengine mbele yake. Ikiwa mtaparua rangi iliyozeeka, lowesheni kwa maji na jifungeni kitambaa puani, kwani rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Uso wa meza moja ya kawaida, wenye urefu wa sentimita 150 na upana wa 75, ukipasuliwa kwa urefu unatoa rafu tatu za upana wa karibu sentimita 25. Hizo ni mita 4 na nusu za rafu kutoka kwenye meza moja. Ubao wa mbele, ule unaoficha magoti ya mkubwa, unakuwa ubao wa kutundikia spana. Droo za mbao zikisimamishwa kwa ubavu na kufungwa ukutani zinakuwa vijikabati. Droo za kabati la chuma zinafaa kwa vitu vyenye mafuta, kwa sababu zinafutika. Mashubaka ya masijala yatundikwe kama yalivyo. Kitu pekee cha kuongeza ni kipande chembamba cha ubao mbele ya kila kijumba ili nati zisimwagike. Kiti cha kuzunguka kiondolewe mgongo, kishushwe, na magurudumu yake yatiwe mafuta: fundi wa breki atakikalia na kusogea nacho kutoka gurudumu hadi gurudumu.

Nne, na hapa ndipo wengi huumia: ukuta. Watu hudhani ubao ukiwa imara basi rafu ni imara. Kinachobeba ni ukuta. Galoni moja ya oili ya lita 5 ina uzito wa karibu kilo 4 na nusu. Galoni 10 zikipangwa mstari mmoja ni kilo 45, yaani karibu mfuko mzima wa saruji unaoning'inia juu ya kichwa cha kijana aliyelala chini ya gari. Tena kadiri rafu inavyochomoza mbele ndivyo inavyozivuta skrubu za juu zitoke. Mzigo uleule, kwenye rafu yenye kina maradufu, huvuta skrubu hizo kwa nguvu maradufu. Ndiyo maana nasema rafu nyembamba.

Matofali yetu mengi ya mchanga na saruji hayana saruji ya kutosha, jambo ambalo kila aliyejenga analijua. Kabla ya kufunga chochote, toboa tundu moja la majaribio. Unga ukitoka kwa shida na keekee ikalalamika, ukuta ni mzuri. Keekee ikizama kama kwenye muhogo, ukuta huo haubebi rafu. Kwenye ukuta mzuri tumia plagi za plastiki ambazo mafundi wanaziita fisha, ndefu kiasi cha kupita lipu na kuingia katika tofali lenyewe. Toboa katikati ya tofali, usitoboe kwenye maungo. Puliza vumbi litoke tunduni kabla ya kuingiza plagi. Usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, maana waya wa umeme mara nyingi hupita hapo wima. Kwenye ukuta mbaya, tumia miguu ya meza: isimamishe sakafuni kama nguzo ikabiliane na ukuta, rafu ikae juu yake, na ukuta uizuie tu isianguke mbele. Kwenye kontena usitoboe bati, mvua itakuingilia. Funga fremu ya mbao kwa ndani, au mwite mchomeleaji.

Sasa kuna jambo la mwenye nyumba. Gereji nyingi ndogo ziko katika vibanda vya kupanga, na mara nyingine katika viwanja ambavyo kesho vitahitajika kwa barabara. Fundi anajiuliza, nipambe ukuta wa mtu halafu anifukuze? Swali lake ni la haki, na seremala ana jibu lake la siku nyingi. Ubao mmoja mnene unapasuliwa kwa urefu, msumeno ukiwa umeinamishwa nyuzi 45. Nusu moja inafungwa ukutani kwa skrubu, ile ncha yake kali ikiwa juu na upande wa nje, hata pakawa na mfereji kati yake na ukuta. Nusu ya pili inafungwa mgongoni mwa sanduku au mashubaka, ncha yake ikitazama chini. Sanduku linainuliwa na kuteremshwa, ncha ya pili inaingia katika mfereji wa kwanza, na uzito wa sanduku wenyewe unalibana ukutani. Likitakiwa kuondoka, linainuliwa tu. Siku mwenye nyumba akisema "Kijana, nataka chumba changu," fundi ananyanyua vijumba vyake kimoja kimoja na nati zake zikiwa ndani, anavipakia katika mkokoteni, na kule aendako anafunga mbao mbili tu ukutani na kazi inaendelea. Ukuta unabaki na matundu machache ya kuzibwa kwa saruji.

Tano, utaratibu. Rafu bila utaratibu ni vurugu iliyopanda juu. Spana zitundikwe kwa ukubwa, na nyuma ya kila moja uchorwe mstari wa umbo lake kwa rangi. Jioni fundi akitazama ubao, nafasi iliyo tupu inamwambia yenyewe nani hajarudi nyumbani, na mara nyingi ni spana namba 10. Mashubaka yaandikwe namba za nati. Droo mbili tatu zitengwe kwa magari yaliyomo kazini, kila gari droo yake, na juu yake ibandikwe karatasi yenye namba ya gari. Kila kinachofunguliwa katika gari hilo kiingie humo, na kile kilichokufa pia, ili mteja akija aonyeshwe: "Mzee, kifaa chako kibovu hiki hapa, na kipya kiko garini." Maneno hayo yanajenga jina la fundi kuliko bango lolote la barabarani.

Wajapani wana utaratibu wao wa hatua tano za kupanga mahali pa kazi, na hospitali zetu zimekuwa zikiutumia tangu ulipoanza kuletwa, mwaka 2007, katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya. Kwa Kiswahili hatua hizo zimeitwa sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kama utaratibu huo unamsaidia muuguzi kupata bomba la sindano bila kupekua makabati matatu, utamsaidia na fundi kupata spana. Neno gumu kati ya hayo matano ni la mwisho. Kusasambua tunaweza wote siku moja ya Jumamosi. Kushikilia kunataka mwenye gereji asimame kila jioni dakika kumi na kusema, hakuna kuondoka mpaka ubao ujae.

Tusisahau hatari. Mbao ni kuni. Petroli isiwekwe kwenye rafu ya mbao wala katika droo. Ikae nje, katika chombo chake chenye kifuniko, mbali na moto wa kuchomelea. Matambara yenye mafuta yatupwe kila siku katika debe la chuma lenye mfuniko. Betri zikae chini, usawa wa magoti, zisipandishwe kamwe juu ya macho ya mtu, maana asidi ikimwagika hushuka usoni. Tena betri inapochajiwa hutoa hewa inayowaka, kwa hiyo isichajiwe ndani ya kabati lililofungwa wala karibu na sigara. Vizito chini, vyepesi juu. Sheria hiyo haina msamaha.

Nimalizie kwa kuwageukia wenye ofisi. Mti wa mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Ulikatwa katika miombo ya Tabora au kwingineko, ukasafirishwa, ukarandwa na seremala aliyejua kazi yake, ukatumika nusu ya maisha ya mtu, na bado ni mzima. Kuuacha ukaoza kwa sababu fomu ya kufutia mali haijasainiwa ni kuuua mara ya pili. Nafahamu mali ya umma ina taratibu zake, na taratibu hizo zipo ili isigawanywe gizani. Sidai ziondolewe. Nadai ziharakishwe. Wakati zikisubiriwa, samani ziwekwe chini ya paa. Na siku ya mnada zisiuzwe kwa mafungu makubwa ambayo ni mwenye lori tu anayeyamudu, kisha yeye amuuzie fundi kwa bei ya mara tatu. Meza moja iwe fungu moja. Kabati moja liwe fungu moja. Tangazo libandikwe hata kwenye mbao za matangazo za serikali za mitaa, pale ambapo fundi hupita. Hapo fundi gereji na seremala wa Keko watasimama mnadani kama wanunuzi wengine na kuondoka na risiti zao mfukoni.

Nanyi vijana wa gereji, msingoje mnada ndipo muanze. Leo jioni kabla ya kufunga, okoteni kila kilicho chini, mkitenge kwa aina, mhesabu ni vijumba vingapi mnavihitaji na ni mita ngapi za rafu. Andikeni hesabu hiyo. Siku meza itakapopatikana mtakuwa mnajua ipasuliwe wapi.

Ndugu wasikilizaji, kwa leo muda wangu umekwisha. Tukijaliwa tukutane tena juma lijalo, wakati kama huu. Kwaherini.